Virusi Nyumbani kwa Mashimba

Gari jekundu lilikuwa limebakiza kona moja lishinde pale kioo kilipoganda. Watoto sita waliobanana kwenye benchi wakaguna kwa pamoja. Salehe, aliyekuwa akiendesha na ambaye ndiye aliyelipa, alibaki na vidole juu ya vitufe akisubiri gari liamke. Halikuamka. Kioo kikawa cheusi, kompyuta ikapiga mlio mmoja, ikaanza kujiwasha upya kana kwamba haina kosa.

"Mrudishie hela yake," alisema mtoto mmoja. "Hajamaliza dakika zake."

Getruda alifungua kopo la maziwa ya unga, ambalo ndilo lililokuwa benki yake, akamrudishia Salehe shilingi hamsini. Ilikuwa mara ya tatu tangu saa saba mchana. Kompyuta yenyewe ilikuwa na siku kumi na mbili tu ndani ya nyumba.

Waliinunua kwa kiinua mgongo cha mumewe, Mashimba. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba hadi kiwanda kilipouzwa, na Getruda alikuwa mpiga chapa wa kiwanda hichohicho. Walipunguzwa siku moja, kwa barua mbili zilizofanana, na ya mume aliichapa mke mwenyewe. Sasa mpango wao ulikuwa kutumia sebule yao ya Mabatini: asubuhi Getruda achape barua za watu, mchana watoto wacheze michezo, dakika kumi kwa shilingi hamsini. Abubakary, mfanyabiashara wa vitu vya Dubai kule mjini, aliwahakikishia kwamba hawakukosea. "Hii ni mashine ya michezo, mama. Imeongezwa mwendo. Mwanza nzima hamna yenye kasi hii." Mke na mume walitazamana wakaona wamebahatika, maana nani anakataa nyongeza?

Ilipoanza kuganda, kwanza walilaumu umeme, wakanunua kifaa cha kuutuliza. Kisha walilaumu kitambaa cha kufuma ambacho Getruda alikuwa amekivisha boksi la kompyuta, kama kila mwenye nyumba mwenye heshima anavyoivisha redio yake. Wakakivua. Kompyuta ikaendelea kuganda, uchi vilevile.

Ndipo wakamwita Josephat, kijana aliyesomea kompyuta miezi mitatu na aliyeamini kwamba utaalamu huongezeka kadiri mtu anavyopaza sauti.

"Asubuhi haina shida," Getruda alimweleza. "Mchana watoto wakicheza ndiyo inatusumbua."

Josephat hakuwa na haja na habari za asubuhi na mchana. Aliingiza diski yake, akangoja, akatikisa kichwa.

"Ina virusi."

"Virusi?"

"Virusi, mama, na vimeshaenea mwili mzima. Hivi vinaambukizwa. Mtu anatoka huko alikotoka, anaingiza kitu chake humu, basi, mmekwisha."

"Dawa yake nini?"

"Vya aina hii havina dawa. Ni kusubiri siku tu."

Alichotaka kusema ni kwamba kila kilichomo ndani kifutwe na kiwekwe upya, kwa elfu thelathini, lakini hilo alilisema baadaye na kwa sauti ya chini, kwa kuwa lilikuwa jambo la bei. Nje barazani, nyuma ya pazia, alikuwa ameketi Chenge, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akisubiri barua yake ichapwe. Alisikia kila neno. Na wakati huohuo Mashimba akatoka chumbani akijifunga shuka, amekonda kwa malaria iliyomshika tangu mwezi uliopita, akakohoa, akamsalimu. Chenge aliitikia salamu, akakumbuka kwamba ana suruali ya mtu mashineni, akaondoka bila barua.

Chenge hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mkewe tu, na alimwambia kwa huruma: kwa Mashimba kuna virusi, fundi amepima. Mkewe akamwambia mtu mmoja bombani, naye neno "fundi" likamdondoka njiani, likabaki "amepimwa". Kufikia Jumapili Mabatini nzima ilikuwa inajua. Mwaka ule wa tisini na tisa hapakuwa na mtu mzima aliyehitaji kuelezwa virusi ni nini.

*

Hakuna aliyewatukana. Laiti mtu angewatukana wangejua pa kuanzia.

Watoto waliacha kuja. Mwanzoni Getruda alidhani ni kwa sababu ya kuganda, na aliona wana haki. Kisha mteja mmoja wa barua akaomba achapiwe akiwa amesimama dirishani, na fedha akaiweka kwenye kizingiti badala ya mkononi. Mwingine, mwalimu mzima, alifuta kiti kwa leso yake kabla ya kukikalia. Bombani wanawake walimpisha Getruda achote kwanza, kwa upole uliomtisha, na alipoondoka wakasuuza mdomo wa bomba. Binti yao Queen, wa darasa la tatu, alirudi shuleni akasema sasa anakaa dawati zima peke yake. Alilisema kama jambo la kujivunia.

"Watu wa mji huu wamekuwaje?" Getruda aliuliza.

"Hali ngumu," Mashimba alijibu. "Mtu asiye na kitu hana pa kwenda kucheza."

Aliyebaki ni Mwaija peke yake. Alikuwa mjane wa nyumba ya tatu, muuza chapati, mama yake Salehe. Kila mchana alimtuma mwanawe na hamsini mkononi aende akacheze, na kompyuta ilipoganda alimkataza kuidai. Na kila asubuhi, tangu Jumatatu iliyofuata, alikuja yeye mwenyewe na bakuli la bluu lenye uji wa ulezi uliotiwa karanga na ndimu.

"Nimepika mwingi, mama Queen," alisema. "Mpe shemeji anywe ukiwa wa moto."

"Lakini jana ulileta."

"Na jana nilipika mwingi."

Mashimba aliunywa. Tangu apunguzwe kazi hakuwa na hamu ya kula chochote, lakini ule uji ulipita. Kila siku Getruda aliliosha bakuli akitafuta cha kutia ndani, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kila siku hakuwa na kitu, kwa hiyo Mwaija alijichukulia mwenyewe huku akisema kwake yapo mengine.

*

Alhamisi mchana mama yake Mashimba aliingia na kuku mmoja mkononi na furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Bibi Kija alikuwa amevuka kwa kivuko kutoka Kamanga bila kutuma salamu, na hakuwa mtu wa kuvuka bila sababu. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni hadi kichwani, akakaa chini sakafuni, akaanza kulia.

"Shikamoo mayu," Mashimba alisema. "Kuna msiba?"

"Usinifiche, Mashimba. Mama hafichwi." Alijifuta kwa kanga. "Nimeambiwa una vilusi."

Kuku alijikung'uta, akaenda kusimama chini ya meza ya kompyuta.

"Nani kakwambia?" Getruda aliuliza.

"Kwenye kivuko. Mama mmoja anauza dagaa, hata hanijui. Anasema kuna mtu wa Mabatini, alikuwa kiwanda cha pamba, kapimwa, vimeenea mwili mzima, anasubili siku tu. Nikamuuliza jina, akanitajia jina la mwanangu."

Getruda aliyasikia maneno yale, mwili mzima, kusubiri siku, akakumbuka mahali alipoyasikia kwa mara ya kwanza na sauti iliyoyasema. Aliketi kwenye kile kiti kilichofutwa na mwalimu. Leso, kizingiti, bomba, dawati la Queen, vyote vilimrudia kwa mpigo, na kila kimoja sasa kilikuwa na maana yake.

"Ni kompyuta, mama," alisema. "Fundi alisema kompyuta ndiyo ina virusi."

Bibi Kija aliitazama mashine kwa muda mrefu. "Na hii nayo ilivitoa wapi?"

Swali lilikuwa la kuchekesha, na Mashimba alicheka kweli, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa viganja. Kwa miezi minane alikuwa amevumilia kuitwa mstaafu akiwa na miaka arobaini na moja. Alivumilia mkewe kumwachia nauli mezani bila kusema neno. Sasa alikuwa ameshazikwa na Mabatini nzima, na aliyemzika ni mashine aliyoinunua mwenyewe.

"Nitakwenda kwa huyo Josephat," Getruda alisema. "Atatoka nje aseme mbele za watu."

"Aseme nini? Akisema si virusi, watasema tumemhonga." Mashimba alisimama. "Na mimi siamini kama ni virusi. Leta daftari langu."

*

Daftari lilikuwa la zamu, lile la jalada gumu la kiwandani. Katika siku zile za upweke Mashimba alikuwa ameandika humo kila kompyuta ilipoganda, si kwa sababu alijua kompyuta, bali kwa sababu mtambo unaosumbua huandikwa. Ndivyo alivyofundishwa. Ikichapa barua asubuhi: salama, saa tatu mfululizo. Mchezo, mchana wa jua kali: dakika tisa. Mchezo, mchana wa mawingu: dakika kumi na nne. Jumanne ile mvua iliponyesha kutwa nzima: dakika thelathini na moja.

"Virusi havijui mvua," alisema. "Hii ina joto."

Aliizima mashine iliyokuwa imewaka tangu asubuhi, akafungua skrubu za boksi, akapeleka kidole kwenye kipande cha chuma chenye feni ndogo mgongoni, akakirudisha upesi mdomoni. Kidole kiliungua. Lakini macho yake yalikuwa yameshaona kibandiko ubavuni pa kadi iliyoshika kile chuma, kidogo kama stempu. Kila mtambo una kibao chake, na Mashimba alikuwa amesoma vibao miaka kumi na tisa.

"Kinasema mia tatu," alisema. "Mia tatu nini, sijui. Lakini ndiyo kasi yake, lazima. Iwashe."

Getruda aliiwasha. Maandishi meupe yalipita kiooni kwa haraka kama siku zote, lakini macho ya mpiga chapa hayahitaji muda mrefu.

"Pameandikwa mia nne na hamsini."

"Una hakika?"

"Mashimba, mimi nikosee tarakimu?"

Mashimba alitazama kile chuma. Kulikuwa na msimu mmoja kiwandani ambapo meneja aliona pamba ni nyingi akaamuru mtambo ukimbizwe zaidi ya kibao chake. Wiki mbili ulikimbia, na meneja akasifiwa. Wiki ya tatu ulishika moto. Mashimba ndiye aliyeuzima kwa magunia na maji.

"Imeongezwa mwendo," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza maneno yale hayakuwa sifa.

Alipofuatwa dukani kesho yake asubuhi, Abubakary hakubisha. Alikuwa mtu wa biashara, si mwongo. "Aliyeiunganisha huko Dar ndiye aliyeikimbiza, mzee. Vijana wa michezo ndivyo wanavyopenda. Si mwendo ndio mlionunua?"

"Nimenunua mashine," Mashimba alisema. "Sikununua homa."

Abubakary alifikiri, akaingia stoo, akarudi na kijitabu cha Kiingereza ambacho kilipaswa kuja na kompyuta tangu siku ya kwanza. Mashimba alikibeba hadi nyumbani ndani ya shati. Getruda alikisoma mezani kamusi ikiwa pembeni, na palipozungumzia vitufe na maandishi alisoma yeye, palipozungumzia joto na mwendo alieleza mumewe, hivyo wakasogea ukurasa kwa ukurasa kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza kabla kompyuta haijawaka sawasawa. Kulikuwa na orodha, na ndani ya orodha tarakimu mia moja. Kijitabu kilisema ya asili ni sitini na sita, na kwamba kompyuta huizidisha mara nne na nusu kupata kasi yake.

"Tukikosea?" Getruda aliuliza.

"Tukikosea itakufa. Na sasa hivi iko hai?"

Getruda aliweka sitini na sita, akabonyeza. Kompyuta ikazima, ikawaka, na kioo kikaandika mia tatu.

Hapakuwa na watoto wa kuijaribu. Salehe alikuwa bado shuleni, kwa hiyo aliyekaa kwenye benchi ni Bibi Kija. Alionyeshwa kitufe cha kwenda na vitufe vya kukata kona, akaligongesha gari jekundu kwenye ukuta wa kwanza, wa pili, na wa tatu, bila aibu yoyote. Jua lilikuwa kali hata bati la paa lilikuwa linalia. Mashimba alisimama nyuma ya mama yake na daftari. Dakika tisa zikapita. Kumi na nne zikapita. Ya thelathini na moja Getruda alikuwa ameshika mkono wa mumewe bila kujua. Ilipofika saa nzima, Bibi Kija akaomba aletewe maji lakini asisimamishwe, na Salehe aliporudi akakuta zamu yake imechukuliwa.

"Limepungua mwendo," Salehe alisema, akilitazama gari kwa jicho la mtaalamu.

"Limepungua," Mashimba alikubali. "Lakini litafika."

Na likafika. Baada ya saa moja na dakika arobaini, gari la Bibi Kija lilivuka mstari likiwa la mwisho, na nyumba nzima ikampigia makofi. Mashimba alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshukuru mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa sauti tangu wapunguzwe.

*

Furaha ya Getruda ilikuwa na hasira ndani yake. Alichukua ubao wa bei uliokuwa mlangoni, akaufuta wote, akaandika kwa chaki herufi kubwa: HAPA HAKUNA VIRUSI. Aliutazama akaona umekaa vizuri. Angeutundika akirudi, kwa maana kwanza alikuwa na bakuli la kurudisha. Alilijaza michembe ya Kamanga mpaka ikafurika, akaenda nyumba ya tatu.

Mwaija alikuwa anakanda unga wa chapati za jioni. Getruda alimweleza yote, Josephat, Chenge, kibao, kijitabu, sitini na sita, na mwishoni akacheka akitegemea mwenzake acheke naye. Mwaija hakucheka. Aliacha kukanda.

"Kwa hiyo shemeji haumwi."

"Haumwi kitu. Malaria tu."

"Alhamdulillahi." Alilisema kwa pumzi ndefu, akakaa. "Mimi nilijua anaumwa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia siku ya kwanza."

Hapo Getruda alielewa uji. Alielewa ulezi na karanga na ndimu, na Salehe kutumwa kila mchana na hamsini yake. Alishika bakuli kwa mikono miwili asijue aliweke wapi.

"Na mwanao ukamleta acheze kwetu?"

"Vitufe haviambukizi, mama Queen. Hayo niliyajua kwa kuuguza." Mwaija aliutazama unga. "Marehemu alipougua miezi saba, hapa mlangoni hakusimama mtu. Si kwamba walikuwa wabaya. Waliogopa. Nilikuwa nasema, laiti angekuja mmoja tu, hata na uji. Basi niliposikia la shemeji, nikasema huyo mmoja nitakuwa mimi."

Asante lilikuwa dogo, lakini ndilo alilokuwa nalo Getruda, akalisema, na akalisema tena.

"Na wewe?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Mimi sijapima," Mwaija alisema. "Naogopa kama wao."

Getruda alirudi nyumbani taratibu. Ubao ulikuwa pale mezani na herufi zake kubwa. Aliusoma sasa kwa macho ya mtu anayepita kila asubuhi akiwa na bakuli la bluu. Alilowesha ncha ya kanga akaufuta.

"Mbona unafuta?" Mashimba aliuliza. "Watajuaje?"

Alimweleza, yeye peke yake. Mashimba alisikiliza hadi mwisho, akampa chaki. Getruda akaandika: MICHEZO. DAKIKA KUMI SH. 50. BARUA ZINACHAPWA. KARIBUNI WOTE.

Kuhusu kujua, watu walijua. Bibi Kija aliamkia bombani kesho yake, akasimulia kwa saa nzima jinsi vilusi vilivyokuwa joto tu na jinsi yeye alivyoendesha gari. Saa tatu Chenge alivuka barabara akaja kukaa kwenye benchi la barazani, akauliza kuhusu barua yake huku akitazama viatu vyake. Mashimba alimwambia itachapwa. Watoto wawili walikuwa wameshaanza kusogea, mmoja akimsukuma mwenzake mbele.

Ndipo Mwaija akatokea na bakuli. Alipowaona watu alisita.

"Umepika mwingi, shemeji?" Mashimba aliuliza.

"Mkono umezoea tu," Mwaija alisema. Akakaa ukingoni mwa benchi, akaonja kidogo kuona kama sukari imekolea, kama mpishi yeyote afanyavyo. Kisha akakumbuka. Akaliondoa bakuli mdomoni, akatazama ule ukingo, akaanza kusimama. "Ngoja nikuletee chombo kingine."

"Cha nini?" Mashimba alisema. Alinyoosha mkono, akalipokea bakuli, akaligeuza mpaka pale alipoonja Mwaija pakaja upande wake, akanywa hapohapo, mbele ya Chenge na mbele ya barabara yote, hadi akalimaliza.